Njia ya Bruda Isdori Juu ya Mbizi

Pale Sumbawanga, katika safu ya mafundi iliyokuwa nyuma ya soko, kila mtu alimwita Bruda, ingawa hakuwa bruda tena. Isdori mwenyewe alishachoka kusahihisha. Kanzu aliivua mwaka 1989, alipoomba ruhusa ya mwaka mmoja kwenda Mpui kumtunza mama yake, Dominika, aliyekuwa amepofuka na kubaki peke yake baada ya kufiwa na mwanawe mkubwa. Mwaka mmoja ukazaa minne. Mama alifariki katika masika ya 1993. Isdori alipokwisha kumzika na kufunga nyumba, aliwaandikia wenzake wa shirika la watawa kuuliza arudi lini. Jibu lilichukua miezi mitano kufika, na lilikuwa la upole. Karakana yake kule misioni ilishapata mtu mwingine. Yeye asali, asubiri. Alisali, akasubiri. Kisha siku moja, bila kuamua jambo lolote, akajikuta amepanga chumba mjini na kufungua banda la kutengenezea baiskeli. Alikuwa na miaka arobaini na minne, hana mke, hana mtoto, hana kanzu.

Hakuwa na njaa wala maradhi. Tabu yake ilikuwa kwamba watu hawakujua wamweke wapi. Kwenye harusi, wapanga viti walimtazama wakajikuna vichwa: meza ya mapadri si yake tena, na kwenye mabenchi ya wanaume wenye wake zao hakuwa na la kuchangia. Akipita penye watu wanaokunywa pombe ya ulezi na kutaniana, utani ulikatika. "Tumsifu Yesu Kristo, Bruda." "Milele amina." Halafu kimya mpaka apotelee kwenye kona. Pasaka ikifika, akina mama wa jumuiya walimletea chakula, lakini sahani waliiweka mlangoni, wakashukuru wao badala ya kushukuriwa, wakaondoka upesi kama watu waliopita chumba cha mgonjwa.

Kazi, hata hivyo, haikukosekana. Zilikuwa enzi za ruksa. Zamani baiskeli ilikuwa kitu cha kibali. Jina lako lilikaa ofisini mpaka ukasahau kwamba uliomba. Sasa maduka yalizipanga hadi barazani, za Kichina na za Kihindi, na mkulima aliyevuna vizuri alitoka na yake ikiwa bado imezungushiwa karatasi kwenye fremu. Baada ya mwezi mmoja wa njia za Ufipa, rimu imepinda, spoku zimekatika, naye yuko mbele ya banda la Bruda.

Mwaka 1995, mchuuzi mmoja wa samaki alimletea baiskeli ya aina ambayo hajapata kuiona. Ilikuwa ya mtumba, imeshushwa Kasanga kutoka ng'ambo, Zambia. Tairi zake zilikuwa nene na zenye meno, usukani umenyooka kama mpini, na nyuma ilikuwa na gia saba zilizorundikana kama sahani. Mafundi wawili walishashindwa nayo. "Bruda, nichukulie hii kitu," mchuuzi akasema, "unipe ile Phoenix yako. Mimi nataka baiskeli ya kubeba tenga, hii sijui ilitengenezwa kwa ajili ya wazimu gani." Wakabadilishana.

Isdori alikaa nayo majuma matatu. Alinyoosha mkono wa gia kwa subira, akachonga gurudumu dogo la meno kutoka kwenye chuma chakavu, akafupisha mnyororo. Jumapili iliyofuata, baada ya misa ya kwanza, akaipanda na kuelekea juu, kwenye milima ya Mbizi iliyouegemea mji upande wa mashariki.

Alipanda kwa saa mbili. Alipokwisha kuzipita nyumba za mwisho na mashamba ya ulezi, alitokea kwenye mbuga ya majani mafupi ambako hakuna kinachozuia upepo. Hapo baiskeli ikaanza kutembea kama inavyotakiwa. Alishuka bonde, akapanda ng'ambo, akashuka tena, na machozi ya upepo yakimtoka. Kwa mara ya kwanza tangu amzike mama yake akasikia sauti yake mwenyewe ikicheka. Kisha njia ikakatwa na korongo. Hakuliona. Gurudumu la mbele lilizama, naye akaruka juu ya usukani na kuanguka kifudifudi.

Alilala pale muda mrefu. Mdomo ulijaa damu na bega liligoma kunyanyuka. Akajiuliza: nikifia hapa, nani atakuja kunitafuta? Akawahesabu watu. Leo Jumapili, hakuna. Kesho banda likikutwa limefungwa, mteja atadhani nimekwenda Mpui. Jumanne, labda, yule mama anayeniuzia uji atamuuliza mwenzake, "Bruda mbona simwoni?" Labda. Hesabu hiyo ilimuumiza kuliko bega.

Alipoweza kukaa, alilitazama korongo lililomwangusha, na macho ya kazi yakafunguka. Kule misioni, kwa miaka kumi na mmoja, alikuwa mlinzi wa mfereji ulioleta maji kwenye mashine ya kusaga. Aliyajua maji. Akaona mara moja kosa la njia ile: ilishuka mlima moja kwa moja, mvua ikaigeuza mfereji, na kila mwaka maji yalichimba zaidi. Njia ilitakiwa ikatishe mbavuni mwa mlima, ishuke kidogo kidogo, na kila baada ya hatua kadhaa maji yapewe mahali pa kutokea. Ni kazi ya jembe tu. Ni kazi ya mtu mwenye muda, na yeye muda alikuwa nao mwingi kuliko mtu yeyote mkoani.

Wazo likamkaa. Aliiona njia ya baiskeli ikitoka juu ya mji, ikipita mgongoni mwa Mbizi mpaka kwenye ukingo ambapo nchi ya Ufipa inakatika ghafla na ziwa Rukwa linaonekana chini, kisha ikishuka mpaka bondeni. Hakujua ni kwa ajili ya nani.

Kwa kuwa sehemu ya njia ingegusa msitu wa hifadhi, alikwenda kwa Bwana Misitu kuomba ruhusa. Bwana Misitu alimsikiliza vizuri.

"Kikundi chenu kinaitwaje?"

"Niko peke yangu."

"Mtu mmoja siwezi kumwandikia barua, Bruda. Siku hizi kila kitu ni vikundi. Njoo na kikundi chenye jina, viongozi na muhuri, nitakuandikia leo hiihii."

Ndivyo Isdori, ambaye kumsimamisha mtu na kuzungumza naye kulimtoa jasho, alivyolazimika kutafuta watu.

Akaambiwa kwamba mji ulikuwa na chama cha baiskeli. Kilianzishwa zamani na wafanyakazi wa ushirika, wakati ushirika ulipokuwa na magari na maghala. Walikuwa wakishindana Sabasaba mpaka Namanyere na kurudi, wakiwa na fulana za kijani. Ushirika ulipolegea na watu kupunguzwa kazini, chama kikabaki na wanachama wanne na katibu. Katibu alikuwa Baltazari, zamani karani wa mahindi, sasa muuza mitumba. Alikuwa mtu mrefu, msafi, aliyevaa tai hata akiwa amekaa juu ya marobota. Muhuri wa chama alikuwa nao nyumbani, umefungwa kwenye kitambaa.

"Njia ya mlimani?" Baltazari akashangaa. "Sisi ni watu wa mbio za barabarani, Bruda. Mlimani wanakwenda mbuzi."

Isdori hakujua kubishana. Alimwambia tu, "Jumapili njoo uione," akampa baiskeli yake ya gia apande.

Baltazari alikwenda, akarudi na suruali imechanika na uso wa mtoto aliyeiba asali. Kesho yake muhuri ukapigwa, na Bwana Misitu akatimiza ahadi. Jumapili ya kwanza ya kazi walifika watu kumi na mmoja, majembe begani. Walikuwamo wanachama wanne wa zamani, vijana wawili wa sokoni waliokwenda wakiitana mshikaji njia nzima, na Zita, muuguzi wa zahanati aliyekuwa akienda vijijini kwa baiskeli kuchanja watoto, mwanamke wa maneno machache na miguu yenye nguvu. Isdori aliwaonyesha chombo chake: miti mitatu iliyofungwa mfano wa herufi A, na jiwe likining'inia katikati kwa kamba. Jiwe likikaa kwenye alama, mahali ni sawa. Likisogea kidole kimoja, mteremko unafaa kwa baiskeli. Likisogea viwili, maji yataila njia. Walichimba, wakaimba, wakala viazi. Isdori alirudi nyumbani siku ile akashindwa kukaa kitako kwa furaha.

Jumapili ya pili walikuja saba. Ya tatu, watatu. Vijana waliuliza mashindano ni lini na zawadi ni nini. Baltazari alipata dharura ya marobota. Mwezi wa sita ulipoingia na upepo wa baridi ukaanza kupiga, Zita peke yake ndiye aliyekuja, na baada ya wiki mbili zamu ya zahanati ikambana yeye pia.

Isdori akabaki na mlima wake. Siku za kazi alifunga banda alasiri ya Jumatano, na Jumapili baada ya misa alipanda. Alichimba hatua kumi, siku nyingine ishirini, siku nyingine alihangaika na jiwe moja mpaka jua likaegemea. Kipupwe cha Ufipa si mchezo. Mikono ilipasuka, na ukungu ukishuka hakuona hata jembe lake linapoangukia. Alianza kusema kwa sauti ili asikie mtu. Alilisemesha jiwe, alimsemesha mama yake. Siku moja alijikuta anasali sala za adhuhuri za watawa, zile za kupokezana pande mbili. Alisema mstari wa upande wake, akanyamaza kungoja upande wa pili uitikie, na upepo ukapita kwenye majani. Akashika jembe akaendelea.

Ilikuwa mwezi wa nane, njia imefika karibu kilomita moja, alipokuta sehemu nzima ya nyuma imevurugwa. Kwato zilikuwa zimebomoa kingo, zimeziba mitaro, zimekanyaga kila kitu kikawa vumbi. Kazi ya majuma sita. Isdori, mtu asiyejua kukasirika, alisikia hasira ikimpanda mpaka masikioni. Akafuata kwato.

Zilimfikisha kwenye boma la miiba nyuma ya kilima, lenye nyumba mbili za nyasi na ng'ombe wasiopungua sitini. Mwenye boma aliitwa Nyanda, Msukuma aliyekuja na mifugo yake kutoka Shinyanga, mwaka huu hapa, mwaka ujao kule, mpaka akafika huku. Alikuwa mtu wa umri wa Isdori, mpana, mwenye sauti ya chini. Alimtazama mgeni na jembe lake.

"Karibu, kaka. Kaa kwanza."

"Sikuja kukaa. Ng'ombe wako wameharibu njia yangu."

"Ile ni yako?" Nyanda akauliza, na uso wake ukabadilika. "Mimi nimekuwa nikiuliza ni serikali au wazungu. Kumbe ni mtu. Wewe na nani?"

Isdori alitaka kusema "chama". Ikamtoka, "Mimi tu."

Nyanda akalitazama tena jembe. Kisha akaita ndani, na maziwa ya mgando yakaletwa kwenye kibuyu. Isdori akajikuta amekaa.

"Kaka, ng'ombe zangu zilikuwa zinavunjika miguu kwenye lile korongo," Nyanda akasema. "Nikaona njia safi, haina mashimo. Ungekuwa wewe ungewapitisha wapi? Lakini sasa nimejua ni kazi ya mikono ya mtu. Nionyeshe pa kuwapitisha, nitawapitisha hapohapo."

Jumatano iliyofuata Nyanda alikuja na wanawe wakubwa na majembe manne ya kukokotwa na ng'ombe. Walichimba njia ya mifugo chini ya njia ya baiskeli, pana na yenye changarawe, wakatengeneza upya yote iliyobomolewa. Iliwachukua siku tatu. Wakati wa kupumzika, Nyanda alisema bila kumtazama, "Mimi hapa mwaka wa tatu. Sokoni nauza maziwa, wananunua. Lakini hakuna aliyewahi kuniuliza watoto wangu wanaitwa nani."

"Wanaitwa nani?" Isdori akauliza.

Nyanda akamtajia, mmoja mmoja, saba.

Alikuwa na Phoenix ya kupelekea maziwa mjini, na kuanzia hapo aliipitisha kwenye njia ile kila asubuhi, madumu mawili kwenye karia, akisema kwamba sasa maziwa yanafika kabla hayajawa siagi. Isdori akaamua kumwingiza kwenye chama. Aliomba kikao, wakakutana kwenye chumba cha Baltazari, watu sita.

"Mimi sina neno naye," Baltazari akasema, akiinyoosha tai. "Ila tuangalie mbele. Hawa wageni, ukimwingiza mmoja, kesho mlima wote ni ng'ombe. Halafu katiba yetu inasema mwanachama awe mfanyakazi wa ushirika."

"Ushirika uko wapi, Katibu?" Zita akauliza.

"Katiba iko palepale."

Nyanda alikuwa amekaa karibu na mlango, kofia mkononi, kama mtu anayesikiliza habari za mtu mwingine. Isdori akasimama. Hakuwahi kusimama mbele ya kikao chochote maishani.

"Nimechimba miezi mitano," akasema. "Mliokuwa na fulana hamkuja. Aliyekuja ni huyu." Alitaka kuendelea, lakini akakaa.

Baltazari alikunja karatasi zake, akasema kikao kimeahirishwa, na hakikuitishwa tena. Kwa miaka miwili chama kilikuwa jina tu. Njia iliendelea: Isdori, Nyanda na wanawe wakipata nafasi, Zita mara moja kwa mwezi. Walifika ukingoni mwanzoni mwa 1997. Siku ile Isdori alikuwa peke yake. Alisimama pale ambapo ardhi inaisha, ziwa likimeta chini kama bati, akatamani kumwambia mtu. Alivua kofia, akaivaa tena, akaanza kupima mteremko wa kushuka.

Mwishoni mwa mwaka huo zilianza zile mvua ambazo kila mtu Tanzania hii anazikumbuka, mvua za El Nino. Zilinyesha kana kwamba hakutakuwa na mwaka mwingine wa kunyesha. Mwezi wa pili barabara ya magari ya kwenda bondeni ilikatika mahali patatu. Kipande kizima kiliteleza kikaenda na miti yake. Na siku hizohizo kipindupindu kikazuka katika vijiji vya chini. Habari ililetwa na mtu aliyepanda kwa miguu siku nzima: zahanati ya kule imeishiwa maji ya dripu, na watu wanazimika.

Zita alifika kwenye banda la Isdori akiwa hajavua sare ya kazi.

"Bruda, njia yako imesimama?"

"Mpaka ukingoni imesimama. Chini nusu tu. Sijamaliza."

"Maboksi yako stoo. Gari haliwezi. Helikopta wanasema ikipatikana. Mtu kwa miguu anabeba boksi moja, baiskeli inabeba matatu."

"Nani atapanda?"

"Nimeshatuma watu wakaseme sokoni," Zita akasema.

Asubuhi yake walikuwa kumi na tisa. Nyanda na wanawe watatu walikuwepo, na wauza maziwa, na vijana wa mshikaji, sasa wenye ndevu. Na Baltazari alikuwepo, katika fulana ya kijani iliyombana tumbo. Alifunga maboksi yake kwenye karia kwa mpira wa tyubu, akajaribu fundo mara tatu.

Njia ya mgongoni ilisimama. Maji yalikuwa yakitoka kwenye kila mtaro aliouchimba, yakiruka pembeni kama yalivyoagizwa, na udongo wa njia ulikuwa mgumu chini ya magurudumu. Baltazari, nyuma yake, alisikika akisema kwa sauti ya chini, "Aisee." Lakini waliposhuka ukingoni, kwenye kipande ambacho hakijakamilika, walikuta kijito kimefumuka na kula njia upana wa hatua kumi na tano. Tope lilikuwa likiendelea kuteleza.

Isdori aliisoma ardhi. Kuna mwamba upande wa juu. Ukichimba ngazi nyembamba chini yake na kuyageuza maji, watu wanapita. Lakini maji yatarudi kila baada ya saa mbili kubomoa. Lazima mtu abaki.

"Nitabaki mimi," akasema.

Alibaki siku tatu. Alichimba ngazi, akajenga tuta la mawe, likabomoka, akalijenga tena. Alilala chini ya turubai, mgongo kwenye mwamba. Wenzake walipita wakishuka na maboksi, wakapita wakipanda bila mzigo kuchukua mengine, baiskeli mabegani, na yeye akawashika mkono mmoja mmoja kwenye ngazi. Hawakuwa na muda wa kuzungumza. "Pole, Bruda." "Shika hapa, mguu wa kushoto." Wakaenda. Katikati ya safari na safari kulikuwa na saa nyingi za mvua na jembe. Vijiji vile ambavyo maboksi yalikuwa yakienda hakuviona kamwe. Aliviona kama moshi mdogo chini, mvua ilipopumzika.

Siku ya tatu Baltazari alipanda kutoka chini peke yake. Ilikuwa safari yake ya tatu. Alikaa kwenye mwamba, matope mpaka kwenye nyusi.

"Leo hawajafa," akasema. "Jana wawili. Leo hakuna." Kisha akaanza kulia, mtu mzima, bila kuficha uso. Isdori hakujua afanye nini. Alisimama na jembe lake. Mwishowe alikaa karibu naye, bega lake likagusana na lile jingine lililolowa, wakakaa hivyo mpaka tuta likaanza kuvuja.

"Nilikukosea siku ile," Baltazari akasema.

"Tushike hili jiwe," Isdori akajibu.

Mwaka huo chama kikafufuka kwelikweli. Kikao cha kwanza kilijaa mpaka watu wakasimama dirishani. Baltazari alisoma katiba mpya aliyoiandika kwa mkono wake: mwanachama ni yeyote mwenye baiskeli, na kila mwanachama atafanya kazi ya njia Jumamosi ya kwanza ya mwezi, asiyechimba hashindani. Nyanda alichaguliwa mjumbe. Walitaka Isdori awe mwenyekiti. Alikataa; akasema yeye aachiwe mitaro. Mwaka 1999 yalifanyika mashindano ya kwanza ya mlimani, na waliofika kutoka Mpui na Namanyere hawakuamini kwamba njia ile ilichimbwa kwa jembe.

Ni wakati huo ambapo mkubwa mmoja wa shirika, mzee aliyemfahamu Isdori tangu ujana, alipita bandani kwake. Alisema wamesikia habari zake, na kwamba akitaka kurudi mlango uko wazi. Isdori aliomba juma moja. Siku zote saba alitembea na jambo lile. Alikumbuka meza ndefu, uji wa asubuhi, sala za pande mbili. Kisha akaandika barua ya kushukuru na kusema hapana. Zita alipomuuliza sababu, alimwambia ni kwa ajili ya njia. Haikuwa kweli yote. Aliogopa kurudi kule akakuta na kule pia yuko peke yake; hapo asingekuwa na mahali pengine pa kukumbuka.

Nyanda aliondoka mwaka 2000. Malisho yalikuwa yamebana, na serikali ya kijiji ilianza kupiga mistari ya mipaka. Aliamua kuelekea kusini, upande wa Chunya. Isdori aliwasindikiza siku mbili, akitembea nyuma ya ng'ombe na baiskeli yake mkononi. Walipoagana, Nyanda alimshika mkono kwa mikono miwili na hakuuachia upesi.

"Kaka, oa," akasema.

Isdori akacheka. "Nimeshazeeka."

"Basi uwe unakwenda kwa watu. Usingoje kwato zikufikishe."

Alijaribu. Jumapili nyingine alikwenda kula kwa Zita na mumewe, akakaa mpaka watoto wakazoea kumpandia magotini. Baltazari alimzoesha kucheza bao. Lakini mazoea ya mtu hayang'oki kirahisi; baada ya saa moja alianza kutazama mlango, nao walimwelewa, wakamwachia.

Chama sasa kina watu zaidi ya sitini. Siku wanazopanda wote pamoja, Isdori hutangulia alfajiri kuikagua njia. Hukaa kwenye majani karibu na kona ya tatu, pale upepo unapovuma sana, akiwangoja. Kwanza husikia minyororo, kisha sauti, halafu wanatokea kwenye ukungu, mmoja nyuma ya mwingine, wakipaaza, "Bruda! Bruda!" bila kusimama, kwa sababu pale mteremko ni mzuri na hakuna anayetaka kushika breki. Huwahesabu wote wakipita. Wa mwisho akishatokomea, sauti zao hubaki kidogo ng'ambo ya kilima, kisha zinazima. Yeye huendelea kukaa. Leo amekaa muda mrefu kuliko kawaida, magoti yanamuuma. Halafu akaona mtaro wa mbele umezibwa na majani yaliyong'olewa na magurudumu, akanyanyuka taratibu, akachukua jembe.